Dakika Kumi za Papa Élisée

Kwanza mjue Papa Élisée alikuwa nani, maana mkianza na kosa lake mtamwona mtu ovyo, na mtu ovyo hakuwa. Tangu mwaka wa tisini na sita alikuwa na phonie hapa Bunia, mtaa wa Nyakasanza: ile redio kubwa ya kuongea mbali, yenye antena ya waya iliyovutwa kutoka mti mpaka mti na micro ya kushika mkononi. Kabla simu hazijaenea, mtu aliyetaka kujua kama dada yake wa Mahagi-Port amejifungua, au kama mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Nizi bado anakumbuka kwamba ana watoto, alikuja kukaa kwenye benchi la Papa Élisée, akangoja zamu yake.

Jina lake lilikua wakati wa vita. Ile phonie aliificha ndani ya pipa la unga wa muhogo asije akanyang'anywa, na kila barabara ilipotulia aliitoa, akafunga mlango, akasoma majina hewani. Fulani yuko mzima. Fulani amekimbilia Komanda. Mtoto wa fulani ameokotwa na watu wa kanisa, aje mtu kumchukua. Alikula kando ya ile mashine, akalala kando yake. Mke wake Kavira, Mnande wa Butembo kama yeye, alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ni bibi wa pili. "Bibi ya kwanza iko pale juu ya meza, anapiga makelele."

Kisha amani ikaja, amani yetu sisi, ile ya kulala na viatu vimeelekea mlangoni. Simu nazo zikaja. Kufikia mwaka 2010 kila mtu mjini alikuwa na kasimu kake, na phonie ikabaki kwa ajili ya sehemu ambazo mtandao haujafika: Epulu kule msituni, na vijiji vichache ambavyo hata serikali huvikumbuka wakati wa kura tu. Mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na jioni, vituo vyote vilikutana hewani. Saa hizo tunaziita vacation. Mwenye ujumbe anasema, kisha anampa mwenzake zamu kwa "à vous"; asiye nao anasema "rien à signaler", hakuna jambo, na kila mmoja anamsikia mwenzake, kwa sababu phonie haina chumba cha siri. Siku nyingi ikawa ni rien à signaler tupu kutoka huku na huku. Nanyi niambieni, mtu aliyezoea kutangaza wazima na wafu atashiba na rien à signaler?

Ndipo ordinateur, yaani kompyuta, ilipoingia. Félicité, logisticienne, msimamizi wa vifaa wa shirika moja lililokuwa linafunga milango, alimwachia mashine ya zamani ya kukunja.

"Papa, ndani hakuna Windows," alimwambia. "Iko na Linux, ile ya pengwini. Haitakusumbua na virusi, na haitakuomba kitu. Na nimekuwekea muchezo moja, utaniombea kwa Mungu."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyota. Unapewa sayari moja, unatafuta nyingine, unaunda meli za kupita angani, unapeleka watu wakakae mbali, na majirani zako wanafanya vilevile mpaka mnagongana vichwa. Hauuzwi. Félicité alimweleza kwamba waliouunda ni watu waliotawanyika duniani, kila mmoja anaongeza kipande chake, na ukitaka unaruhusiwa kuupasua tumbo uone matumbo yake. Papa Élisée hakuupasua tumbo. Yeye alicheza.

Kilichomnasa ni kwamba ule mchezo hauna haraka. Unapanga mambo yako polepole, na usipobonyeza kile kitufe cha kumaliza zamu, hakuna adui anayesogea hata hatua moja. Unaweza kwenda sokoni, urudi, ule, usinzie, adui bado amekaa palepale anakungoja kwa heshima. Hilo mliweke kichwani, nitalirudia.

Tena ulimruhusu kuzibadili sayari majina. Zile zilizokuja na majina ya ajabu yasiyotamkika akazibatiza kwa majina ya vituo vyake vya phonie: Mahagi, Nizi, Komanda, Mambasa. Sayari moja ya kijani, ya pembeni kabisa, akaiita Epulu. Akawa na vacation ya pili, hii ya kwake peke yake, ambayo siku zote ilikuwa na jambo la kusema. Kavira akipita na sinia ya maharagwe alimkuta anazungumza na kioo.

"Weye muzee," alimwambia siku moja, "ule muchezo utakuja kula message ya mutu."

Papa Élisée akacheka. Kucheka si kazi.

Kulikuwa na taabu moja tu. Phonie na ordinateur vilikunywa betri moja ya gari, na hiyo betri ilijazwa na panneau solaire iliyowekwa juu ya bati. Betri ya ndani ya ile ordinateur ilikuwa imekufa siku nyingi. Jua likiwaka, umeme uliwatosha wote wawili. Mvua ikikaa, ilibidi mmoja afunge.

Basi ikawa Jumanne moja, mardi kama tunavyosema hapa, na mvua ilikuwa siku yake ya tatu. Ile taa ndogo ya betri ilishageuka nyekundu tangu asubuhi. Kwenye kioo mambo yalikuwa mabaya zaidi: maadui walikuwa wameizunguka sayari ya Epulu kwa meli kumi na moja, na meli za Papa Élisée zilikuwa njiani, zimebakiza zamu tatu kufika. Saa sita ikagonga, phonie ikakohoa.

"Bunia, Bunia, Bunia, hapa Epulu. Niko na message ya haraka. À vous."

Ilikuwa sauti ya Mathieu, opérateur wa kule, mtu wa adabu anayetamka kila neno kama analilipia. Papa Élisée akashika micro, macho yakiwa kwenye kioo.

"Epulu, hapa Bunia. Patientez dakika kumi, nitakuita. Terminé."

Phonie ikinyamaza hunywa kidogo, lakini ukiongea hunywa kama ng'ombe. Maneno hayo machache tu yalitosha kioo kufifia na taa kupepesa. Papa Élisée akaona nyota zake zinataka kuzimika. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe, akaizima phonie. Umeme uliobaki akaupa mchezo.

Sasa lile nililowaambia mliweke kichwani. Mchezo ungemngoja! Mle ndani kuna kitufe cha kuhifadhi. Unabonyeza mara moja, unazima, unarudi kesho au mwezi ujao, na zile meli kumi na moja utazikuta zimening'inia palepale. Hakukuwa na mtu mwenye haraka siku ile isipokuwa Mathieu. Papa Élisée alilijua hilo kabisa, ndiyo maana baadaye hakuwahi kupata namna ya kujitetea hata mbele ya nafsi yake.

Alicheza zamu tatu, zikawa tisa. Meli zake zilifika, zikapigana, na adui akatawanyika. Papa Élisée akapiga meza kwa furaha, akapaza sauti "Yesss!" peke yake chumbani kama mtoto wa shule. Ilikuwa saa saba na nusu. Akahifadhi, akazungusha kitufe cha phonie, na phonie haikutoa hata pumzi. Betri ilikuwa imekauka.

Alijifariji kama tunavyojifariji sote. Kwa Mathieu, alijiambia, hata mnyororo wa pikipiki ni message ya haraka. Akabeba betri mpaka kwa jirani mwenye groupe ya kuzalisha umeme, akaambiwa groupe itawashwa kesho asubuhi, akasema hakuna shida. Jumatano saa nane mchana phonie ikafufuka.

"Bunia, tangu jana ninaita," alisema Mathieu. Hakugomba. "Message ni ya Mama Suzanne, mushonaji. Papa yake Anselme iko vibaya. Anaomba mutoto wake akuje mbio, amubariki. Nasema tena: mbio. À vous."

Papa Élisée akaandika kwenye cahier, lile daftari la ujumbe, kwa mwandiko wake mzuri wa kalamu ya buluu: Mercredi, 14 h. Ndiyo saa aliyoupokea ujumbe. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu.

Suzanne alikuwa na cherehani yake sokoni. Baba yake, mzee Anselme, alikuwa amemaliza maisha yake Epulu akikata majani ya msituni ya kulisha okapi wa kituo cha wanyama, na katika ukoo wao baba hafi hivihivi. Anaagiza kikombe cha maji, anatia mdomoni, anamnyunyizia kila mtoto mikononi, na kumtajia neno lake. Mtoto aliyekosa yale maji hata wadogo zake humwangalia kwa jicho la pembeni. Suzanne aliposikia ujumbe aliiacha nguo ya watu chini ya sindano, akakimbia kutafuta gari. Magari ya siku ile yalikuwa yamekwisha kuondoka alfajiri.

Aliondoka Alhamisi. Njia ilikuwa tope tangu Komanda, wakalala Mambasa, akafika Epulu Ijumaa saa kumi alasiri. Mzee Anselme alikuwa amekata roho saa nne asubuhi. Alhamisi nzima alikuwa anakaa kitandani, anaongea, anauliza kama Suzanne amefika.

Habari hizo zilimfikia Papa Élisée kwa phonie, vacation ya jioni, na vituo vyote vikatoa pole. Yeye alihesabu kwa vidole chini ya meza. Kama angeupokea Jumanne, Suzanne angepanda gari la Jumatano, angefika Alhamisi. Alihesabu tena, vidole vikamjibu vilevile. Haya ikampanda mpaka masikioni. Kavira alipouliza kama anaumwa, alisema ni tumbo.

Siku tano hakuifungua ile ordinateur. Ya sita akaifungua. Ndiyo, akaifungua, msishangae, binadamu ndivyo alivyo. Alicheza zamu mbili, akaliona lile jina kwenye sayari ya kijani, akaifunga kwa nguvu hata Kavira akaja kutazama kilichovunjika.

Baada ya majuma mawili, siku ya Jumamosi, Suzanne alirudi, nywele amenyoa, kitenge cheusi kiunoni. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi hata kabla ya kwenda kuona cherehani yake. Papa Élisée alimpa mkono wa pole.

"Papa Élisée, walinifukuza karibu na kaburi," Suzanne alisema. "Kaka yangu Ambroise anasema message ilitoka mardi saa sita. Anasema nilipata, nikabaki kushona manguo ya watu. Papa aliacha kikombe yangu na maji ndani. Ambroise aliimwanga chini mbele ya macho yangu."

"Ee Mungu wangu," alisema Papa Élisée.

"Na ule Mathieu anasema alikuita mardi, na weye ukamujibu. Nikamwita muongo mbele ya ukoo muzima. Nikawaambia: Papa Élisée mi namujua. Wakati wa vita jina yangu ilitoka mu mudomo yake. Papa yangu alijua niko muzima juu ya ule mutu. Hawezi kufanya vile!"

Papa Élisée alitamani benchi lipasuke, aingie chini yake. Aliona aibu hata ya kukaa. Lakini mdomo wake, ule mdomo uliosema majina ya watu mia, ulimtolea pole nyingine tu.

"Kesho dimanche," Suzanne aliendelea, "Ambroise na wazee watakuwa kwa phonie ya Epulu, vacation ya saa sita. Nakuomba usome cahier tu. Mercredi, quatorze heures. Basi, watanirudishia jina yangu."

"Nitasoma," alisema Papa Élisée.

Na hapo ndipo shetani alipoketi naye kwa raha. Maana cahier haikuwa na uongo! Angesoma neno la kweli, Suzanne angepona, na mzigo wote ungemwangukia Mathieu, mtu wa mbali. Mathieu angepoteza nini? Jina tu. Ila opérateur wa phonie ana kitu gani kingine? Watu wakishasema kwamba anageuza maneno, hakuna atakayemletea kifo chake wala uzazi wake. Papa Élisée aliujua huo uzito kuliko mtu yeyote Ituri nzima.

Jumapili baada ya misa, Kavira alimwekea chai, akasimama hapo.

"Ile mardi mi nilikuwa kwa jikoni," alisema. "Nilimusikia Mathieu. Na weye nilikusikia." Akachukua sufuria yake, akatoka.

Saa sita Suzanne alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Jua lilikuwa kali, betri imejaa. Mahagi-Port akasema hana jambo. Nizi hana jambo. Ila hakuna aliyetoka hewani, maana habari ilikuwa imezagaa na kila kituo kilitaka kusikia. Kisha ikaja sauti nzito ya Ambroise, akasema wazee wamekaa, Bunia iseme.

Papa Élisée akafungua cahier, akasoma. "Mercredi, quatorze heures. Message kutoka Epulu kwa Mama Suzanne." Akaachia kitufe cha micro. Suzanne nyuma yake akashusha pumzi, akasema, "Asante Yesu," na machozi yakamtoka.

"Basi Mathieu ni muongo," ilisema sauti ya Ambroise. "Tutaona na yeye."

Halafu Mathieu mwenyewe akaongea, polepole vilevile.

"Papa Élisée, miaka kumi na nne tunaongea, na uso yako sijaionaka. Kama ndivyo iko mu cahier yako, bien reçu."

Angetukana! Angepiga kelele, Papa Élisée angepata pa kujificha. Ile bien reçu, yaani nimepokea vema, haikumwachia hata kona. Alikaa na micro mkononi, akatazama cahier, akatazama ile ordinateur iliyofungwa kando yake. Kisha akabonyeza.

"Vituo vyote, hapa Bunia," alisema. "Mathieu anasema kweli. Mardi saa sita aliniita. Nilimujibu angoje dakika kumi, kisha nikazima phonie. Sikuwa mugonjwa. Phonie haikuharibika. Nilikuwa nacheza muchezo mu ordinateur, na umeme ilikuwa kidogo, nikaupa muchezo. Suzanne alipata message mercredi, na siku ile ile alitafuta gari. Kosa ni yangu mimi. Nimemunyima mutoto baraka ya baba yake. Mathieu, unisamehe. À vous."

Mlio wa hewa tu, shshsh, kutoka ziwani mpaka msituni, na Papa Élisée akijua kwamba kila benchi lililokaliwa mchana ule limemsikia. Mwisho Ambroise akarudi, na uzito ulikuwa umemtoka.

"Suzanne iko pale?"

"Iko."

"Umwambie... aah. Umwambie akuje nyumbani. Ile maji niliimwanga, sijui sasa nitafanya namna gani. Akuje tu. Terminé."

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo hata Ambroise alilijua. Papa Élisée akaweka micro chini. Hakuthubutu kugeuka. Alingoja kofi, alingoja tusi, na moyoni alikuwa anayaomba yote mawili. Alichosikia ni benchi likilia Suzanne alipoinuka.

"Fungua," alisema Suzanne.

"Mama Suzanne..."

"Huo muchezo. Fungua, nione."

Akafungua. Nyota zikajaa kioo, kila moja na jina lake chini. Suzanne akainama, akayasoma moja moja kwa kidole, kama anavyotafuta namba kwenye kipimo chake cha ushonaji: Mahagi, Komanda, Mambasa. Kidole kikafika kwenye sayari ya kijani, ya pembeni kabisa, kikasimama hapo.

"Epulu," alisema.

"Ndiyo."

"Ni hii ulikuwa unapigania, ile saa Mathieu anaita?"

"Ni hii, Mama."

Suzanne aliitazama muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo Papa Élisée alishindwa kabisa kulivumilia.

"Na iliokoka?" aliuliza.

Papa Élisée akajibu kama alivyozoea kujibu wakati wa vita, watu walipomjia kuulizia watu wao.

"Iliokoka, Mama Suzanne. Watu wa mule ndani wako wazima wote."